Mpishi wa Hamira

Kwenye maabara ile ya ghorofa ya pili kulikuwa na mwanamke ambaye watu wote, kuanzia profesa mpaka mlinzi wa getini, walimwita Mpishi. Na kupika alipika kweli, siku tano kwa wiki, miaka ishirini na minane, ila chakula chake hakuna binadamu aliyewahi kukionja. Alipikia hamira. Msicheke. Hamira ni kiumbe hai, kinakula, kinazaa, kinazeeka, na cha maabara kina madeko kuliko kitindamimba. Kimoja peke yake hukioni kwa macho; mpaka wajazane maelfu kwa maelfu mahali pamoja ndipo utaona kidoa cheupe juu ya chakula, saizi ya kichwa cha pini.

Yeye aliwaita wateja. "Haya, wateja wangu leo wanataka nini?" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi, na watafiti wakishindana kumpa karatasi za oda.

Jiko lake lilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo la pili. Meza ya saruji, mizani mbili, chupa za unga mweupe zilizopangwa kwa mstari, na pembeni pipa la mvuke la kuua vijidudu, lililokuwa likinguruma mpaka vioo vinatetemeka. Alichanganya maji, chumvi, sukari na unga wa agari unaogandisha, akatia pipani, akatoa, akaacha vipoe. Watafiti walikuwa na vipimajoto. Mpishi alibandika chupa shavuni. Shavu likisema bado, bado. Shavu likisema tayari, anamimina, sahani mia tatu ndogo za plastiki zenye vifuniko, bila povu hata moja. Ole wako umsemeshe akiwa anamimina.

Na wateja wale walikuwa na matatizo yao. Hamira wa kawaida hachagui, ukimwekea sukari hii anakula, ile anakula. Kazi ya profesa ilikuwa kuwavuruga makusudi. Alibadilisha jeni moja, herufi moja tu katika maandishi marefu yanayomwambia kiumbe aishi vipi, kisha akatazama ni nini kimemshinda. Ukoo huu ukawa hauwezi kujitengenezea kirutubisho fulani, lazima uwekewe tayari. Ukoo ule ukawa hauwezi kutumia sukari fulani hata uuwekee gunia. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na chakula chake, na koo zilikuwa arobaini na tatu, na Mpishi alizijua zote kwa kichwa. Mtafiti akikosea oda, alirudishiwa karatasi yake. "Hawa ukiwapa hiki watakufa njaa, mwanangu. Nenda kafikiri, halafu uje tena."

Walimpenda, na walimwogopa kidogo. Alikuwa na ulimi. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kumuuliza, hata wale waliozoea kumtania. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, anakaa vyumba viwili peke yake, hana picha ya mtu ukutani, mtu akileta mtoto mchanga maabara kuwaonyesha wenzake, Mpishi anaingia jikoni kwake na kuwasha pipa la mvuke hata kama halina kitu ndani. Watu si wajinga. Walinyamaza.

Basi mimi nitasema, maana bila hilo hakuna kisa.

Aliolewa na miaka ishirini na mitatu, na mume fundi seremala, mtu mpole, mpole mno, yule wa "mama kasemaje?" Wakaishi nyumba moja na mama mkwe. Mwaka uliofuata akajifungua binti. Mtoto mzima, mnene, analia mpaka jirani wa tatu anasikia. Siku ya nne akaanza kutapika. Siku ya sita macho na ngozi vikageuka manjano. Kila akinyonya anatapika, akitapika mama anamrudisha ziwani, maana utamfanyaje mtoto anayetapika kama si kumlisha tena? Siku ya kumi na mbili akafa. Hospitali wakaandika maambukizo ya damu.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuficha neno tumboni. Matanga hayajaisha akasema mbele ya watu, "Ziwa lake huyu ni baya. Mtoto kanyonya kifo."

Jamani, kuna maneno ya kumwambia mtu aliyetoka kuzika! Yule binti mkwe alikwenda uani akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kifua kimejaa, gauni limelowa maziwa, hakuna wa kumpa.

Mwaka mwingine akazaa wa kiume. Siku ya tano, yale yale. Kutapika, umanjano, na safari hii akaona kitu kingine: mboni za macho ya mtoto zilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mama mkwe alipomwona mjukuu wake amegeuka rangi, hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akasema, "Huyu simwachii," akampeleka chumbani kwake. Akachemsha mchele, akachuja maji yake, akatia sukari kidogo, akamnywesha kwa kijiko. Mume aliulizwa, akasema, "Mama anajua."

Siku tatu mtoto alikaa kule. Na hapa ndipo kwenye kidonda chenyewe, msinikimbize. Mtoto alipata nafuu. Aliacha kutapika. Umanjano ukaanza kupungua, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mzima. Mama mkwe alipita uani kichwa juu, hasemi kitu, na kule kutosema kulikuwa kusema. Binti mkwe aliisikia ile sauti ya mwanawe kupitia ukutani, maziwa yakamwagika yenyewe, na badala ya kufurahi, moyo ulimchoma. Kwa hiyo ni kweli? Ziwa langu ni baya kweli? Mwanangu anapona kwa kukaa mbali nami?

Siku ya nane, saa nne asubuhi, mama mkwe akatoka na kapu kwenda sokoni. Binti mkwe akaingia chumbani mle, akamchukua mwanawe, akaketi kwenye kitanda cha mkwewe, akamnyonyesha. Mtoto alinyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Siku ya tisa tena. Siku ya kumi tena. Saa nzima kila siku, mama mkwe akiwa sokoni. Siku ya kumi na moja mtoto akarudia kutapika. Ya kumi na nne wakamzika kando ya dada yake.

Baada ya hapo hakukuwa na ndoa tena. Alirudi kwao na sanduku moja. Mume akaoa mwingine, akazaa watoto wanne wazima kama chuma, na habari ilipomfikia Mpishi alisema tu, "Mungu awakuze." Lakini moyoni alikuwa amekwisha kata kesi. Mwanangu aliuawa na maji ya mchele. Yule mama alimnyima mtoto ziwa siku tatu, akamdhoofisha, na hata mimi nilipokuja kumwokoa nilikuwa nimechelewa. Alilijenga neno hilo tofali kwa tofali, akaishi ndani yake miaka thelathini na moja. Mtu anayeuliza kila siku "nilikosea wapi?" anahitaji pa kulala, na yeye alilala humo. Yule mama mkwe, Mpishi hakumsamehe, wala hakukanyaga tena mlango wake.

Sasa turudi maabara.

Mwaka jana alikuja mtafiti mpya, msichana mrefu mwenye miwani mikubwa, wakamwita Miwani, na wala hakununa. Alipewa ukoo ambao maabara nzima iliuita Ukoo wa Saba. Akaleta oda: sahani mia zenye gliserini, sahani mia nyingine zenye gliserini na galaktosi. Gliserini ni chakula, hamira hula polepole lakini hula. Galaktosi ni sukari, nusu ya sukari ya maziwa. Mpishi akasoma oda, akaona haina kosa, akapika.

Namna ya kuwahamisha hamira wale ni hii: unachukua sahani yenye vidoa, unaigandamiza juu ya kipande cha mahameli safi, nywele za kitambaa zinabeba hamira kila mmoja mahali pake, kisha unagandamiza sahani mpya juu ya mahameli hayo hayo. Unapata nakala ya mji mzima, kila nyumba mahali pake, ila kwenye chakula kingine. Asiyekiweza chakula kile, nyumba yake inabaki tupu.

Baada ya siku nne Miwani akaja jikoni na sahani mkononi. Za gliserini zilikuwa zimejaa. Za gliserini na galaktosi, tupu. Vidoa vitatu tu pembeni, basi.

"Mama, shikamoo. Usikasirike."

"Marahaba. Nani amekasirika? Nimekasirika mimi?" Mpishi akachukua sahani, akaishika juu kwenye mwanga. Tupu. Akanusa. Akafungua daftari lake la mapishi, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Gliserini aliweka, hii hapa. Hata kama Ukoo wa Saba hauiwezi galaktosi, si gliserini ipo? Mtu ukimwekea vyakula viwili, kimoja hakiwezi, si atakula kile kingine?

"Nimekosea kupima," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa taabu, maana miaka ishirini na minane hakuwa amelisema. Akapika upya sahani mia, akapima mara tatu tatu. Siku nne. Tupu tena, na vidoa vitatu vinne pembeni.

Safari hii alimfuata Miwani mwenyewe mezani kwake, uso umekunjana. "Mwanangu, mimi hapa nimefika mwisho. Chakula hiki kina kila kitu. Wateja wako wanasusa nini?"

Miwani akatabasamu, akavuta kiti. "Keti, Mama. Chakula chako hakina kosa. Nilitaka kukwambia siku ile, ukakimbilia kupika upya. Hawa hawakususa. Wamekufa kwa sababu wamekula."

"Wamekula nini kikawaua?"

"Galaktosi. Fikiria watu wawili wanapokezana mzigo. Wa kwanza anaipokea galaktosi mlangoni, anaigeuza kidogo, anampa wa pili. Wa pili anaigeuza iwe kitu cha kuupa mwili nguvu. Sasa katika Ukoo wa Saba, jeni ya yule wa pili ndiyo iliyoharibika. Hayupo. Wa kwanza yupo, anaendelea kupokea na kurundika. Na ule mzigo ulioishia njiani ni sumu. Unamuua kiumbe huku chakula kingine kizuri kiko mbele yake."

"Mbona huyo wa kwanza asiache kupokea?"

"Atajuaje, Mama? Yeye anafanya kazi yake vizuri tu."

Mpishi akaonyesha vile vidoa vitatu kwa ncha ya kidole. "Na hawa?"

"Hao ndio utamu wenyewe. Hao wameharibika mara ya pili. Yule wa kwanza naye kaondoka. Mlango umefungwa, hawaigusi galaktosi kabisa, basi wanakula gliserini yao taratibu na wanaishi." Miwani alikuwa amechangamka sasa, yale macho ya mtu anayependa kazi yake. "Na unajua, Mama, hata watoto wa binadamu wapo hivi. Ni wachache sana, mmoja katika makumi ya maelfu ya watoto. Anazaliwa mzima kabisa. Akishanyonya siku chache anaanza kutapika, ini linaharibika, anageuka manjano. Wengine macho yanaingia ukungu. Halafu anapata maambukizo ya damu, anakwenda. Na mama wa watu anazidi kunyonyesha, maana atajuaje?"

Hebu jiweke pale. Umeketi kwenye kiti cha plastiki, saa tano asubuhi, mtu anakusomea maisha yako kwenye sahani, naye hajui kama ni yako.

"Wanaipata wapi hali hiyo?" Mpishi aliuliza. Sauti ilikuwa yake ya kila siku. Sijui alifanyaje.

"Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima, kila mmoja ana jeni moja nzima inayofunika ile mbovu. Hakuna wa kumlaumu. Baba huyo akizaa na mwanamke mwingine huenda asione tatizo maisha yake yote."

Kwa pumzi moja, pumzi moja tu, Mpishi alijisikia mwepesi. Nusu kwa baba! Wanne wake wazima kama chuma, na bado nusu ilikuwa yake! Ziwa halikuwa na uchawi, lilikuwa ziwa kama la mama yeyote. Laiti angenyanyuka kwenye kiti wakati ule. Lakini yule alikuwa mpishi, na mpishi akishajua kilichoharibu chakula lazima aulize kingeponyeshwa na nini.

"Na dawa yake?"

"Hakuna dawa. Ni kuachishwa maziwa tu, na mapema. Ukimtoa ziwani, siku mbili tatu anaacha kutapika, umanjano unapungua. Anatafutiwa chakula kisicho na galaktosi, maziwa ya soya kwa mfano, wengi wanakua."

"Hata akipewa maji ya mchele?"

Miwani akacheka. "Maji ya mchele! Hayatamkuza, Mama. Lakini hayatamuua. Yatamshikilia mpaka apatikane mtu wa kujua."

Mpishi akashukuru, akarudi jikoni, akafunga mlango. Akawasha pipa la mvuke. Halikuwa na kitu ndani.

Watu wengine wangelia, wakaenda kwa ndugu, wakazungumza. Yeye alifanya jambo ambalo mtu wa kazi ile peke yake ndiye angelifanya, na mimi nasema ni kujitesa. Alipika. Alipika sahani zake mwenyewe, bila oda, hazina jina la mtafiti. Jumamosi, maabara ikiwa tupu, akachukua Ukoo wa Saba, akaugandamiza kwenye mahameli, kisha kwenye sahani tatu za galaktosi. Saa kadhaa baadaye, kabla hawajafa wote, akawahamishia kwenye gliserini tupu. Aliwatoa ziwani, kwa lugha nyingine. Sahani mbili akaziacha hapo. Ya tatu, kesho yake, akairudisha kwenye galaktosi.

Jumamosi iliyofuata akafungua kabati la joto, wanamokuzia hamira. Sahani mbili zilikuwa zimeota. Si sana, vidoa vilikuwa vidogo, vimechelewa, lakini vilikuwapo, mji mzima. Ya tatu ilikuwa tupu.

Alisimama pale muda mrefu na sahani ya tatu mkononi. Aliyeachwa alipona. Aliyerudishwa alikufa, na aliyemrudisha ni yeye. Akayasema kwa sauti, hakukuwa na mtu: "Mama mkwe alikuwa ameshamponya. Nikaja mimi."

Jumatatu Miwani akaziona sahani zile. "Mama, jaribio la nani hili? Limepangwa vizuri sana. Linafaa kuingia kwenye ripoti yangu."

"Usiliingize," Mpishi akasema. "Limekwisha jibiwa."

Wiki mbili hakula vizuri. Lile neno alilolijenga miaka thelathini na moja lilikuwa limemwangukia, na chini yake alikuwamo mtu mwingine ambaye hakumfikiria: yule mama, mbishi, mwenye ulimi mchungu, aliyemchukua mtoto kwa nguvu na kumnywesha kwa kijiko. Miaka yote hiyo Mpishi alimwita muuaji moyoni. Akaona hakuna njia ila kwenda. Atamwambia yote, sukari, jeni, kijiko cha maji ya mchele. Atamwambia ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyemuua, nisamehe. Na akishasema, huenda akaweza kulala.

Nyumba ilikuwa ile ile, ukuta umepakwa rangi nyingine. Wifi yake wa zamani, dada wa yule seremala, alifungua mlango, akashika mdomo. "Wifi! Ni wewe?" Hakuuliza zaidi. Akamwongoza mpaka chumba cha nyuma.

Mama mkwe alikuwa amekula chumvi nyingi, karibu miaka tisini, miguu imekataa kazi, lakini macho yalikuwa yale yale ya kukupekua. Aliketi kitandani ameegemea mito. Ni kitanda kingine, kipya, na Mpishi alishukuru kwa hilo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alimtazama kitambo. "Umezeeka."

"Nimezeeka, Mama."

"Mimi je?"

"Wewe umebaki ulimi tu."

Ajuza akacheka, kicheko kikavu, akagonga kitanda kwa kiganja ili mgeni aketi. Wifi akatoka kwenda kuchemsha chai.

Mpishi akapiga moyo konde. "Mama, nina neno. Nimelibeba sana. Ni habari za mtoto wa pili. Ulipomchukua, ukampa maji ya mchele."

"Ndiyo."

"Ulipokuwa ukienda sokoni, nilikuwa naingia humu. Nilimnyonyesha. Siku tatu. Nilikudanganya." Akashika pumzi, ajiandae kwa yaliyobaki.

"Najua," ajuza akasema.

"Unajua?"

"Siku ile ya kwanza nilisahau pochi. Nikarudi. Pazia halikufika mwisho, nikakuona. Umempakata, unalia bila sauti, na yeye ananyonya, kidole chako kakishika." Ajuza alisema polepole, kama mtu anayetoa kitu sandukuni asikikunje. "Nikataka kuingia nikupokonye. Mkono ulikuwa mlangoni. Halafu nikasema, hapana. Binti wa watu nimemtesa vya kutosha. Nikaenda zangu. Kesho yake nikatoka tena na kapu. Sokoni sikuwa na haja. Nilikwenda kukaa kwa jirani, nikahesabu muda mpaka nikadhani mmemaliza."

Mpishi akageuka kutazama pazia la mlangoni.

"Nilikuwa nakuachia," ajuza akasema. "Siku zote tatu. Mimi ni mtu mbaya, ninajua, nimewasema watu vibaya, wewe zaidi ya wote. Yale maneno ya ziwa lako sikuyaamini hata mimi, nilikuwa na uchungu, nikatafuta pa kuutupa. Ningeyaamini, nisingekuachia. Mtoto alipofariki nilijiambia, angalau kaenda ameonja ziwa la mama yake, hakufa na kiu kwa ajili ya ubishi wangu. Nikifikiria nitakachomwonyesha Mungu, sina kingi, mwanangu. Ninacho hicho."

Chai ilikuwa inachemka huko jikoni. Mpishi alitazama mikono ya ajuza iliyolala juu ya shuka, mikavu, imetulia. Maneno yote aliyokuja nayo yalikuwa yamejipanga mdomoni, sukari, jeni, mtu wa kwanza anayepokea mzigo asijue. Yangechukua dakika tano. Yangempunguzia nusu ya mzigo, maana sasa alikuwa na wa kugawana naye.

"Ulisema una neno," ajuza akamkumbusha. "Lilikuwa hilo tu?"

"Hilo tu, Mama. Nilikuja kukuomba radhi kwa kukudanganya. Sasa nasema asante."

Ajuza akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akayafumbua, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Alishiba, lakini?"

Mpishi akaushika mkono wake.

"Alishiba, Mama."